Kabureta au EFI kwa Hotirodi ya Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaofufua magari ya zamani hapa jijini na kuyafanya hotirodi, yaani magari ya zamani yaliyoongezewa nguvu: Datsun 1200 ya mzee iliyokaa miaka chini ya turubai, Ford Escort inayotafutiwa injini ya Toyota, Land Rover ya shamba inayotiwa V8, na zile Ford na Chevrolet chache za Marekani zilizobaki nchini. Kila mmoja hufika na swali lile lile, kabureta (kifaa cha kimakanika cha kuchanganya hewa na petroli) au EFI (injekta za petroli zinazoongozwa na kompyuta), na mara nyingi huliuliza kabla ya maswali yaliyopaswa kutangulia. Nimeyajibu kwa jinsi yanavyokuja gereji. Pale ninapopendelea upande mmoja, nimesema wazi.

Nataka jibu fupi. Nichague nini?

Tazama injini kwanza, kisha safari zako, kisha fundi utakayemtegemea. Bei ya kifaa ifuate baada ya hayo. Injini iliyotoka kiwandani na EFI, mathalani 4A-FE, 3S-FE au 1UZ-FE za Toyota, iache na EFI yake. Injini iliyotoka na kabureta, katika gari linaloishi Nairobi na kutoka Jumapili kwenda Limuru au Naivasha, ipe kabureta nzuri iliyosetiwa kwa mwinuko huu, nawe utaendesha kwa raha miaka mingi. Gari hilo hilo likiwa la kushuka Mombasa kila mara, au likitiwa tabochaja, weka EFI na usiionee pesa uchungu.

Mwinuko wa Nairobi unahusiana vipi na kabureta?

Unahusiana na karibu kila kitu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kabureta haina namna ya kulijua hilo. Hewa inapopita kwenye koo lake jembamba huongeza kasi, shinikizo linashuka, na petroli inafyonzwa kutoka bakuli la floti kupitia tundu la jeti, kile kiskrubu chenye tundu lililopimwa. Hewa ikiwa nyepesi, ujazo unaopita kooni ni ule ule lakini uzito wake umepungua, na petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiwango hicho. Unabaki na mchanganyiko wenye petroli ya ziada, takriban asilimia 8 hadi 10 kuliko alivyokusudia aliyeiseti usawa wa bahari.

Ndiyo maana kabureta iliyotolewa kwenye boksi na kufungwa moja kwa moja hutoa moshi mweusi, hunuka petroli, hujaza plagi masizi, na gari hulemewa ukilikanyaga taa zikigeuka kijani. Wenye magari hudhani wameuziwa mbovu na kuirudisha dukani. Kabureta ni nzima, ila imesetiwa kwa mahali pengine.

EFI hupima. Sensa ya shinikizo kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) na sensa ya joto la hewa huiambia kompyuta hewa iliyoingia ina uzito gani, nayo hufungua injekta kwa milisekunde zinazotakikana. Ukiteremka kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita karibu 480, hesabu hujirekebisha njia nzima bila wewe kugusa chochote. Katika nchi yenye Timboroa ya milimani na Kilindini ya pwani, hiyo ndiyo faida kubwa ya EFI. Nyingine zote ni nyongeza.

Kwa hiyo EFI itanirudishia nguvu inayoliwa na mwinuko?

Hapana, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Hospawa 200 za pwani huwa kama 166 Nairobi, iwe umefunga kabureta mbili za Weber au kompyuta ya bei ghali kuliko gari lenyewe. Oksijeni imepungua, basi. Kuzirudisha kunataka tabochaja au supachaja, au kuongeza mgandamizo wa injini, jambo ambalo hapa juu linawezekana zaidi kidogo kabla injini haijaanza kugonga.

Kabureta iliyosetiwa vizuri na EFI iliyotyuniwa vizuri, kwenye injini moja, kanyagio likiwa sakafuni, hutoa nguvu zinazokaribiana sana. Magari ya daraja la juu ya NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, yalikimbia kwa kabureta hadi mwisho wa msimu wa 2011, EFI ikaingia 2012, na hakuna aliyewahi kuyaita goigoi. Tofauti utaihisi penginepo: asubuhi injini ikiwa baridi, ukikanyaga nusu, au ukivuta kutoka chini kwenye gia ya tatu bila kutaka kubadilisha.

Nipunguze jeti kiasi gani?

Kwa kabureta za Holley, kanuni ya kuanzia ni kushuka namba moja ya jeti kwa kila mita 600 hivi za mwinuko. Kwa Nairobi hiyo ni namba mbili au tatu. Kwa Weber, namba ya jeti kuu ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, kwa hiyo 130 ni milimita 1.30. Kutoka 130 hadi 125 huonekana si kitu, lakini eneo la tundu hupungua kwa zaidi ya asilimia 7, na hapo umeshakaribia. Anzia hapo, kisha upime.

Njia ya zamani ya kupima ni plagi. Funga mpya, tafuta barabara ya kupanda iliyo wazi na isiyo na magari, kanyaga hadi mwisho kwenye gia ya tatu, kisha weka nyutro, zima injini bila kuchomoa ufunguo, na uegeshe kando. Fungua plagi ikishapoa kidogo. Usisome ncha, kila mtu husoma ncha. Chungulia kwa kurunzi na kioo cha kukuza ndani kabisa, pale kauri nyeupe inapozama kwenye chuma. Pete nyembamba ya rangi ya kahawia hafifu huko chini ndiyo unayoitafuta. Masizi laini hadi kwenye kina yana maana petroli bado ni nyingi. Kauri nyeupe tupu yenye vidoa vidogo vinavyometameta ni onyo la kusimamisha kila kitu, kwa sababu vidoa vile ni alumini ya pistoni yako.

Njia ya sasa ni geji ya waidibendi: sensa ya oksijeni inayosoma uwiano kamili wa hewa na petroli. Petroli huungua kikamilifu kwa uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Ukikanyaga hadi chini unataka kuona 12.5 hadi 13. Ukisafiri kwa mwendo wa kawaida, 14 hadi 15. Geji hii hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mfumo wa EFI, na natamani kila mwenye kabureta angeinunua kabla ya kununua rimu.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni jeti ya slo, yaani ya injini ikizunguka bila kukanyagwa. Mjini, kati ya Museum Hill na Westlands, injini yako hunywa kupitia mkondo wa slo kuliko jeti kuu, na huko nako lazima upunguze. La pili ni la wenye Holley: valvu ya nguvu, inayoongeza petroli injini ikilemewa, hufunguka vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifoldi ikishuka, na hapa juu vakyumu yote iko chini. Injini inayoonyesha inchi 18 za zebaki pwani ikiwa slo huenda ikaonyesha 13 hapa, na ukiwa na kamshafti kali (ya mbio) hata 9. Pima vakyumu ya slo, gawa kwa mbili, uchague valvu iliyo chini kidogo ya hapo, la sivyo itabaki wazi muda wote ikimwaga petroli huku ukilaumu jeti.

Na nikishuka Mombasa na jeti za Nairobi?

Mchanganyiko utakuwa na petroli chache kadiri unavyoteremka. Ukiendesha kwa utulivu hutaona tatizo. Hatari iko pale baada ya Voi, jua la saa nane, unapokanyaga hadi chini kuyapita malori matatu yaliyofuatana. Hapo ndipo pistoni hutobolewa. Kama pia ulisogeza mbele muda wa cheche kwa sababu Nairobi inavumilia, hatari imezidi maradufu.

Beba jeti za pwani kwenye boksi la vifaa na uzibadilishe kabla ya kuanza kushuka, au angalau kabla ya kuliendesha gari kwa nguvu huko chini. Weber DCOE hufunguliwa kwa kifuniko kimoja cha juu na kazi huisha kwa dakika chache. Holley yataka kufungua bakuli na kuwa na gasketi mpya mkononi. Rudisha muda wa cheche nyuma kidogo. Kama huduma hii yote inakuchosha ukiisoma tu, umeshajibiwa: wewe ni mtu wa EFI.

Kabureta ya ukubwa gani?

Ndogo kuliko unayoiwazia. Chukua ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa, gawa kwa 3,456, kisha zidisha kwa 0.85 kwa injini ya barabarani. Chevrolet 350 inayozunguka hadi 5,500 huhitaji kama futi za ujazo 475 kwa dakika. Holley ya 600 inatosha na kubaki. Mtu hufunga ya 850 kwa sababu inaonekana ya kiume, kisha hewa kooni inakuwa ya polepole, petroli haichanganyiki vizuri, na gari linasitasita hadi afike mizunguko ambayo Nairobi haimpi nafasi ya kuifikia.

Kwa injini ndogo za silinda nne, Weber 32/36 moja ni chaguo la amani kwa gari la kila siku. DCOE 40 mbili ni tamu zaidi, na mlio wake ukifungua kanyagio hauna mfano, ila zinadai uzisawazishe na uzielewe.

Nikinunua kabureta iliyotumika kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, niangalie nini?

Shika mhimili wa kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kwa vidole viwili uutikise juu na chini. Ukicheza, hewa itapenya pembeni na slo haitatulia hata uizungushe skrubu mpaka kesho. Kisha omba petroli kidogo, uimimine kwenye bakuli la floti, uchungulie kooni huku ukivuta mkono wa kipepeo kwa ghafla. Mshipa mwembamba wa petroli unapaswa kuruka papo hapo na kwa nguvu. Ukichelewa, au yakitoka matone, pampu ya kanyagio imekufa, na gari litakukatikia kila unapoondoka. Tazama kama uso wa chini umepinda kwa kuuweka juu ya kioo bapa. Tikisa floti karibu na sikio. Ikisikika maji maji ndani, imetoboka.

Nakala za Weber zimejaa sokoni. Nyingine hufanya kazi vizuri, lakini usiiamini namba iliyopigwa kwenye jeti ya nakala mpaka uipime tundu lake. Jeti halisi ni bei ndogo. Nunua hizo hata kama mwili wa kabureta ni wa kuiga.

EFI ziko za aina gani kwa gari kama langu?

Ya kwanza, na kwa Nairobi ndiyo yenye akili zaidi, ni kuchukua injini ya Japani iliyotumika ikiwa na hanesi yake ya waya, kompyuta yake na sensa zake zote. Wahandisi walishafanya kazi ya miaka. Wewe unaihamisha tu.

Ya pili ni kiti kinachokaa mahali pa kabureta ya koo nne, kama Holley Sniper au FiTech, chenye injekta na kompyuta katika mwili mmoja. Hiki ni cha V8 za Kimarekani. Bei huko Marekani huanzia karibu dola 1,000, kisha ongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16, pampu, bomba na regyuleta. Usipange bajeti kwa bei ya tangazo.

Ya tatu ni kompyuta ya kujitegemea, kama MegaSquirt, Speeduino, Link au Haltech, pamoja na injekta na vipepeo unavyochagua mwenyewe. Inakupa uhuru wote na kazi yote. Hapa nina onyo moja. Wanaofunga kipepeo kimoja kwa kila silinda hupata vakyumu inayoyumba, kwa hiyo kompyuta huelekezwa kusoma ufunguko wa kipepeo badala ya shinikizo la manifoldi. Kompyuta inayosoma ufunguko peke yake haijui kama uko juu Limuru au pwani Likoni. Ni lazima iwe na sensa ya pili inayosoma shinikizo la hewa ya nje. Bila hiyo umelipa pesa za EFI ukapata tabia za kabureta.

Nimepata injini ya Japani kwa bei nzuri. Kuna mitego?

Mtego mkubwa ni waya zilizokatwa. Muuzaji akitenganisha injini na gari kwa shoka la kukatia hanesi, anakuachia mashina ya waya na wiki za kutafuta mchoro. Lipa zaidi upate hanesi nzima, kompyuta inayolingana na injini hiyo hiyo, kanyagio lake kama ni la umeme, na mita ya hewa. Injini za miaka ya karibuni zina imobilaiza (kizuizi cha wizi), na bila ufunguo wake halisi zitawaka sekunde mbili na kuzimika. 1UZ-FE ya kwanza kabisa, ile ya 1989 na kuendelea, ni rahisi zaidi kwa sababu haikuwa na mambo hayo mengi.

Hifadhi risiti ya ununuzi yenye namba ya injini. Kubadilisha injini ni lazima kuandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, ili logibuku ilingane na gari, na kampuni ya bima nayo ijulishwe. Usiache jambo hili hadi siku unapouza.

Tangazo linasema kompyuta hujifunza yenyewe. Bado nahitaji mtu wa kuityuni?

Unahitaji. Kompyuta hujifunza kutokana na sensa ya oksijeni, na sensa hiyo hudanganyika kirahisi. Ekzosti ikivuja mbele ya sensa, hewa ya nje hufyonzwa ndani, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza petroli, na gari linazidi kunuka. Vivyo hivyo kamshafti kali ikiwa slo. Sensa ifungwe angalau inchi 18 kutoka kwenye tundu la injini, iinuliwe juu ya mlalo ili maji yasiizamishe, na kila gasketi iwe nzima kabla ya safari ya kwanza. Muda wa cheche, mchanganyiko wa kuwashia injini ikiwa baridi, na mchanganyiko wa kuongeza mwendo haviachiwi kujifunza. Vinataka mtu mwenye laptopu na, ikiwezekana, daino, mashine ya kupima nguvu ya gari.

Kabla hujanunua kompyuta ya aina yoyote, muulize fundi atakayeityuni kama anaijua hiyo hasa. Watu wengi Nairobi wanamiliki kompyuta nzuri ambazo hakuna aliye karibu anayezielewa.

Tangi na pampu zangu za zamani zitafaa?

Kwa kabureta, ndiyo, ukisafisha. Kwa EFI, karibu hakuna kinachofaa, na hapa ndipo bajeti za watu huvunjika.

Weber inataka shinikizo la petroli la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3 hadi 3.5. Holley inavumilia 5 hadi 7. EFI ya kawaida inataka 43, nyingine 58. Pampu ya EFI ikiunganishwa na kabureta bila regyuleta ifaayo itaisukuma sindano ya floti na kumwaga petroli juu ya ekzosti iliyo moto. Kinyume chake nacho ni hatari: bomba la mpira la kabureta likipewa psi 43 litapasuka au kuchomoka kwenye klipu. Nunua bomba lililoandikwa kuwa la EFI, na klipu zake zinazobana pande zote sawasawa. Relei ya pampu ifungwe kupitia kompyuta ili injini ikizimika kwa ajali pampu nayo ikome.

Tangi la zamani halina kuta za ndani. Ukikata kona au ukipanda mlima na robo tangi, petroli hukimbilia upande mmoja na pampu humeza hewa. Kabureta haitajali kwa sababu bakuli lake lina akiba. EFI itakata papo hapo. Weka pampu ndani ya tangi penye kikombe chake, au tengeneza tangi dogo la pembeni linalojazwa na pampu ya chini. Pampu iliyozama kwenye petroli hupoozwa nayo na hudumu zaidi. Tia kichujio cha mikroni 100 kabla ya pampu na cha mikroni 10 baada yake, na kwa tangi lenye kutu kichujio hakitoshi. Lisafishe au ubadilishe.

Ongeza pia bomba la kurudisha petroli tangini.

Na umeme?

Gari lenye dainamo badala ya alteneta lisahau EFI mpaka libadilishwe. Pampu, injekta, kompyuta, feni ya umeme na taa za usiku hudai zaidi ya inayoweza kutoa dainamo, hasa ukiwa slo kwenye jam. Kompyuta nyingi huanza kuchanganyikiwa volti zikishuka sana wakati wa kuwasha.

Cheche za pointi (swichi ya kimakanika ndani ya distribyuta) na waya za plagi zisizo na ukinzani hutoa kelele ya umeme inayoingia kwenye sensa. Gari hukatika ovyo na kila mtu hulaumu kompyuta. Tumia waya na plagi zenye ukinzani, pitisha waya za sensa mbali na koili, na upeleke ethi (waya hasi) ya kompyuta moja kwa moja kwenye injini au betri.

Kabureta yangu hukataa kuwaka baada ya jam ya Mombasa Road. Je, EFI ndiyo dawa?

Inaweza kuwa, ila jaribu rahisi kwanza. Hapa juu maji huchemka karibu nyuzi 94, na petroli nayo huvukiza mapema. Ukizima injini iliyo moto, joto hupanda hadi kwenye bakuli la floti, petroli hutokota na kumwagikia manifoldini. Ukirudi baada ya dakika kumi, injini imezama. Weka kipande cha bakelaiti, plastiki ngumu isiyopitisha joto kirahisi, kati ya kabureta na manifoldi, kinga ya bati juu ya ekzosti, na usogeze bomba la petroli mbali na joto. Kuwasha, kanyaga hadi chini na ushikilie huku ukipiga stata, bila kupampu. EFI huepuka mengi ya haya kwa sababu petroli yake iko kwenye shinikizo kubwa na huzunguka ikirudi tangini.

EFI itaokoa mafuta?

Ndiyo, kwa kulinganisha na kabureta isiyosetiwa, na hiyo ndiyo hali ya kabureta nyingi mjini. EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, hilo ni jambo la kuzingatia. EFI hukata petroli kabisa ukiteremka na mguu juu, kitu ambacho kabureta ya kawaida haiwezi. Hata hivyo, ukiipeleka kabureta yako kwenye jeti sahihi utakuwa umepata sehemu kubwa ya akiba hiyo kwa bei ya jeti. Kurudisha gharama ya EFI kwa petroli unayookoa, kwa gari linalotoka wikendi tu, hakuwezekani.

Hotirodi yenye EFI bado ni hotirodi?

Swali hili hunigusa, kwa sababu watu huchekwa bure. Hotirodi zilizaliwa kusini mwa California, kwenye nyanda kavu za maziwa kama Muroc, kwa Ford za bei nafuu zilizopunguzwa uzito na kuongezewa kabureta za Stromberg 97. Waliozijenga walitumia chochote kilicholifanya gari liende kasi. Stuart Hilborn alitengeneza mfumo wake wa kunyunyizia injini mafuta bila kabureta, na mnamo 1948 gari lake likawa hotirodi ya kwanza kuvuka maili 150 kwa saa. Chevrolet iliuza Corvette yenye injeksheni ya kimakanika mwaka 1957. Injeksheni iko ndani ya mila hii tangu mwanzo.

Hapa kwetu ushahidi ni mzuri zaidi. Joginder Singh alishinda Safari Rally 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari la kabureta mbili. Katikati yake, 1975, Ove Andersson alishinda na Peugeot 504 yenye injeksheni ya kimakanika. Matope yale yale, vumbi lile lile. Kilichoshinda ni maandalizi.

Ni ipi rahisi kurekebisha nikikwama njiani?

Kabureta, mradi uijue. Jeti iliyoziba hupulizwa, floti iliyokwama hugongwa kidogo, na fundi wa Emali au Gilgil aliyezoea pikapu za zamani ataelewa tatizo kwa kusikiliza. EFI hukwama mara chache zaidi, lakini ikikwama haiombeki. Beba relei ya pampu, fyuzi, sensa ya kranki ya akiba na kichujio. Kama kompyuta yako ina programu ya simu, iweke kwenye simu kabla ya safari, usingoje uwe mahali pasipo mtandao.

Vumbi?

Zile tarumbeta za alumini zilizo wazi ni za picha. Barabara ya Namanga hadi Amboseli itakula ringi za injini yako kwa msimu mmoja. Funga kichujio, cha kabureta au cha EFI.

Pesa zangu ni za kugawa. Nianze na nini?

Anza na cheche: distribyuta isiyotikisika, moduli ya elektroniki mahali pa pointi, waya mpya. Kisha alteneta na ethi. Kisha tangi safi, bomba jipya na kizimamoto ndani ya gari. Kisha geji ya waidibendi, kwa sababu utaitumia vyovyote utakavyochagua. Hapo funga kabureta uliyo nayo, iseti kwa Nairobi, na uendeshe miezi kadhaa. Ukichomelea nati ya sensa na kuweka bomba la kurudisha petroli mapema, siku utakayoamua kuhamia EFI kazi kubwa itakuwa imeshafanyika na hutararua gari upya.

Mwambie fundi akuandikie namba za jeti alizofunga, muda wa cheche aliouacha, na vakyumu ya slo, kisha ubandike karatasi hiyo ndani ya boneti.